Nani Alikunyoa Kichwa

Namswea,
20 Februari 2024

Kwa Domitila,

Salamu. Mimi ni mzima, isipokuwa mifupa ya kiuno na mapaja bado inaniuma kwa zile sindano walizonichoma kabla ya kunitoa mbegu za damu. Hali yako sikuulizi, naijua, uko kwenye kiyoyozi. Ninayemuulizia ni Stephano, mdogo wangu.

Nimefika nyumbani juzi na basi la Wendelin. Sikukuaga, na sababu unaijua. Nilikaa kwenye ile mashine kutwa nzima, damu inatoka mkono huu, inazunguka, inarudia mkono wa pili, mpaka midomo ikafa ganzi. Madaktari wenyewe walisema kati ya ndugu wote wa tumbo letu ni mimi peke yangu niliyefanana naye damu, na saratani ile bila mbegu zangu isingepona. Nilipomaliza nikaomba kitu kimoja tu, nimwone. Ukasimama mlangoni na barakoa yako ukaniambia, "Wifi, huruhusiwi." Mimi! Nilimbeba mgongoni mama akiwa shambani, leo naambiwa siruhusiwi na mtu wa kuja.

Na kapu langu? Asali ambayo kaka yetu Modest aliirina kwa mikono yake, ndizi mbivu, karanga, na chupa ya ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kwa ajili ya siku atakapopata nafuu. Ulilishika kwa ncha za vidole ukampa mfagiaji. Usidhani sikuona.

Tunakujua, Domitila. Ulimtoa kwenye ntambo wa baba, mlima ambao ukoo wetu wote umelima na kuzikwa humo, ukaenda kukaa naye Mbinga mjini kwa sababu mikono yako ya ziwani haiwezi kulima ngolo, mashimo yetu ya mlimani. Ukafunga naye ndoa kule Liuli kwenye kanisa la kwenu, mama analia njia nzima ya kurudi. Sasa umempata peke yako ndani ya chumba cha vioo, hakuna wa kukuuliza.

Nataka kusikia sauti yake. Nikipiga simu yako haipatikani. Mwambie anipigie mwenyewe, na asikawie.

Mimi,
Dada yake Stephano, Gertruda


Dar es Salaam,
27 Februari 2024

Kwa wifi Gertruda,

Habari za huko? Barua yako Wendelin amenifikishia. Mimi sijambo, ila hicho kiyoyozi unachonionea gere kiko upande wa mgonjwa. Upande wangu kuna kiti cha plastiki, na ndicho kitanda changu.

Laini nimebadilisha, ni kweli. Modest alikuwa ananipigia mchana na usiku akiniita mchawi wa ziwani. Nimeuguza huku natukanwa, nikachoka. Mwenye neno na aandike.

Nitakueleza tena nilichokueleza pale mlangoni ukawa unaangalia pembeni. Hii kazi wanaiita kupandikiza uloto wa mifupa. Kabla ya kumwekea mbegu zako walimpa dawa za kuua damu yake yote, iliyo mbovu na iliyo nzima. Sasa hivi hana kinga hata ya kuzuia mafua. Mimi mwenyewe nikipiga chafya natolewa nje. Asali yenu ina vijidudu ambavyo wewe na mimi havitufanyi kitu, yeye vingemmaliza. Ndizi hivyohivyo. Ulanzi ndiyo usiniambie kabisa.

Sauti hana. Zile dawa zimemchubua kuanzia midomo hadi tumboni. Hata mate hawezi kumeza, tunayavuta kwa mrija. Namsafisha kinywa kwa maji ya chumvi mara nyingi kwa siku, machozi yanamtoka na sauti haitoki. Nimwambie akupigie simu akukoromee? Juzi nywele zimeanza kubaki kwenye mto. Haya ndiyo maisha yangu ya starehe.

Umetoa mbegu, asante. Lakini wewe ni mkulima. Maharage ukishayafukia hufukui kila asubuhi kuangalia kama yameota. Basi na huyu mwache aote.

Na kanisa la Liuli halikumfunga mtu kamba. Stephano alikuja kwa miguu yake, tena alikuwa amewahi kuliko padre.

Mke wa Stephano,
Domitila


Namswea,
5 Machi 2024

Domitila,

Hakuna salamu. Sisi tuko msibani na wewe unajua.

Modest alipomfuata Wendelin pale Kitai kuchukua barua yako, Wendelin alivua kofia kwanza, akampa mkono wa pole. Alisema ulipompelekea bahasha stendi ulikuwa umenyolewa kipara, macho mekundu, umejitanda kanga mpaka kidevuni. Kakuuliza, "Shemeji, kulikoni?" Ukampa bahasha ukaondoka.

Barua yako ya tarehe ishirini na saba inasema anavutwa mate kwa mrija. Wendelin kakuona siku iliyofuata. Nani mwongo, karatasi yako au kichwa chako?

Mwanamke wa kwetu hanyoi kichwa mume wake akiwa hai. Hata watoto wa chekechea wanalijua hilo. Na mume akifa, anayemnyoa mjane ni dada wa marehemu, baada ya maziko, ukoo ukiwa umekaa. Nani alikunyoa? Nani alikupa wembe? Ile ni kazi yangu, Domitila. Kaka Tadei alipokufa ni mimi niliyemnyoa mkewe, nikamwogesha, nikamrudisha ndani. Mdogo wangu umemfanya afe kama mtu asiye na dada.

Kilio kimesikika mlima mzima. Kengele ya kigango imegongwa, Padre ameshasoma misa ya marehemu, na sisi tumenyoa. Baba mdogo Ignatio, ambaye sasa ndiye mkubwa wetu, anasema mwili uje. Nakujua unachopanga. Unamficha ili umpeleke Liuli, umfukie mchangani kwenu karibu na nyavu. Mwanamume wa ntambo huu anazikwa kwenye ntambo huu, upende usipende.

Yuko wapi?

Dada wa marehemu,
Gertruda


Dar es Salaam,
8 Machi 2024

Wifi Gertruda,

Natumaini hamjambo, nyinyi mliomkalia matanga mtu anayepumua.

Stephano yu hai. Narudia kwa sababu najua unavyosoma, unaruka mistari. Stephano yu hai.

Kichwa nimekinyoa mwenyewe, kwa mashine niliyoazima kwa nesi. Nywele zake zilimtoka zote siku moja, akajiona kwenye kioo cha dirisha, akageukia ukutani. Kutwa nzima alinipa mgongo. Jioni nikakaa mbele yake nikazinyoa zangu zote, hizi hizi mlizokuwa mnasema naringia. Akaniangalia, mabega yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti mpaka ile mashine ya mapigo ya moyo ikapiga kelele na manesi wakaja mbio. Hata kwetu ziwani tunanyoa msibani, sihitaji kufundishwa. Siku ile sikuwa nawaza msiba. Nilikuwa namuwaza mume wangu.

Na Wendelin hakuniuliza kitu. Alichukua bahasha, akajifuta mkono kwenye suruali.

Sasa sikia, hili ni zito kuliko matusi yetu. Mbegu hazijashika. Zilianza vizuri, kisha zikasimama. Damu yake haipandi, anaishi kwa damu ya kuongezewa, homa inamwingia na kumtoka. Dokta anasema zinahitajika mbegu nyingine, na mwenye kuzitoa ni wewe uleule. Bila hivyo hatoki humu ndani. Njoo. Panda gari la kesho, sindano utachomewa hapahapa.

Dokta mwenyewe amekupigia mara mbili, ukamwita tapeli. Wendelin nilimsihi aje aone kwa macho yake, akafika hadi getini, wakamzuia kwa kuwa si ndugu. Nimemtumia Modest picha. Sijui nifanye nini tena ili uniamini. Nichukie, sikatai, lakini nichukie ukiwa ndani ya basi.

Mke wa Stephano, si mjane wake,
Domitila


Namswea,
13 Machi 2024

Domitila,

Tunaendelea. Ngolo tumemaliza, maharage yanaingia ardhini, mvua si haba. Aliyekuwa anatukatia majani ya ngolo kila mwaka ndiye hayupo, na pengo lake tunaliona.

Picha tumeiona kwenye simu ya Modest. Uso umevimba na kuwa mweusi tii, macho yamefumba, mirija puani. Ule si uso wa Stephano. Na kama ni yeye, basi umepiga picha maiti na hata aibu huna. Baba mdogo aliifunika ile simu kwa kitambaa, tukasali.

Huyo dokta wako ana sauti ya vijana wa mjini. "Naongea na Gertruda hapo?" Ndivyo wanavyoanza hao wanaotaka namba za siri. Nilimkatia, na akipiga tena namkatia tena.

Sasa unataka damu yangu kwa mara nyingine. Ya nini? Niliyotoa walisema inatosha, walisema mbele yangu. Maiti haiongezewi damu. Labda mnauza, labda unayo kazi nayo nyingine kama wanavyosema juu ya watu wa kwenu. Mimi umenifanya zuzu mara moja, ukanifungia mlango huku damu yangu bado ina joto ndani ya ule mfuko.

Kwa maneno yako mguu wangu hautoki hapa. Sema ukweli, sema amekufa, niambie mwili uko wapi nije niuchukue. Kwa hilo nitakuja, na nitakuja mbio.

Gertruda


Dar es Salaam,
15 Machi 2024

Gertruda,

Umeshinda. Stephano amefariki. Mlikuwa sahihi tangu mwanzo, nilikuwa nawaficha.

Namzika Liuli siku ya Jumamosi ijayo, karibu na nyumba ya baba yangu, kwa ibada ya kwetu. Kaka zangu wameshachimba. Gari linaondoka hapa hospitalini Jumatano alasiri. Nyinyi msijisumbue, huu ni msimu wa maharage.

Kama una la kusema, lisemee hukohuko mlimani.

Domitila


Dar es Salaam,
26 Machi 2024

Domitila,

Nakuandikia ingawa uko chumba cha pili, kwa sababu nikifungua mdomo mbele yako nitafanya kitu ambacho polisi watakuja kukiandika. Nesi atakupa hii.

Nataka ujue ulichotufanyia. Barua yako ilifika Jumapili, watu wanatoka kanisani. Bernadi seremala aliacha chakula mezani akaenda kupigilia jeneza, mbao za mninga alizokuwa amezitunza kwa kitanda cha bintiye. Tukalifunga juu ya gari la Modest. Baba mdogo Ignatio na mguu wake mbovu akakaa mbele, mimi nyuma. Kila tulipopita watu walisimama. Pale Makambako muuza mahindi alitupa mahindi ya kuchoma, akakataa kulipwa, akalia pamoja nasi mwanamke wa watu. Mimi silii. Mimi nimejifunga kanga kiunoni, kuanzia Njombe hadi Morogoro napanga nitakavyokufanya.

Getini mlinzi kauliza jeneza la nani. Modest akataja jina. Mlinzi akaangalia orodha yake akasema, "Huyu mbona yuko wodini." Nikamwambia hata wewe amekununua, nikampita. Nikakukuta kwenye korido umekaa kwenye hicho kiti chako. Hata kusimama hukusimama. Ukanyoosha kidole kwenye kioo.

Alikuwa ananitazama. Amekonda, kipara, ngozi ya uso inabanduka, lakini macho ni ya mama. Akainua mkono. Nikakaa chini sakafuni palepale.

Nilipoinuka nikakupiga kofi. Sijutii. Nawe hukurudisha, ulisema tu, "Sindano zinaanza leo." Kama mtu aliyeagiza kuni, na kuni zimefika.

Nimechomwa, nimekaa kwenye mashine, mbegu zimeingia mwilini mwake jana. Nimetoa kwa ajili yake, si kwa ajili yako. Ulimuua mdogo wangu kwa kalamu, ukijua kabisa utakachotufanya. Nimemlilia mara mbili na yuko hai, sasa machozi yale niyapeleke wapi? Baba mdogo anasema kifo cha mtu hakitamkwi ovyo. Siku kikija kweli, usinitafute.

Modest amerudi na jeneza. Bernadi hataki kulipokea, anasema ni mkosi. Watawekea mahindi.

Sijakusamehe.

Gertruda


Dar es Salaam,
30 Mei 2024

Wifi Gertruda,

Habari za Namswea? Mahindi mmevuna? Kahawa imeanza kuiva? Anayeuliza ni Stephano, si mimi.

Mbegu zimeshika. Ametoka kwenye chumba cha vioo, tumepanga chumba karibu na hospitali, tunakwenda kliniki na kurudi. Anatembea hadi kona ya mtaa. Sauti imerudi, ingawa ni ya kukwaruza. Wiki iliyopita dokta alituonyesha kwamba kundi lake la damu limebadilika. Lilikuwa O, sasa ni A kama la kwako, damu yote inayozunguka mwilini mwake inatengenezwa na mbegu zako. Stephano akaniambia, "Jihadhari, kuanzia leo nitakuwa nagomba kama dada." Nilicheka. Baadaye nikiwa nafua nikachukia. Nimesafisha kila kilichotoka mwilini mwa yule mwanamume, kucha zangu zimelainika kwa dawa, halafu anayepita moyoni mwake ni wewe.

Najua unangoja nikuombe radhi kwa ile barua. Ningeomba kama ningekuwa najuta. Nilikuandikia ukweli, dokta akakupigia ukweli, nikatuma picha ya ukweli, vyote havikukutoa uani. Uongo ulikutoa siku moja, na jeneza juu. Ingekuwa leo ningeandika tena, neno kwa neno. Nilijua utalia. Nilichagua ulie wewe, nisilie mimi.

Kofi lako nimelipokea. Nahesabu tumemalizana.

Anatamani samaki mbasa wa Liuli wa kuchoma. Bado amekatazwa, ananuna kama mtoto.

Mke wa Stephano,
Domitila


Namswea,
12 Juni 2024

Domitila,

Sisi wazima. Mahindi tumevuna, mengine yamo ndani ya jeneza, na panya hawaingii, Bernadi alilifunga vizuri. Kahawa ya bondeni imeiva.

Hatujamalizana. Kofi moja haliwezi kumaliza jambo kama lile, usijidanganye. Na hayo maneno yako ya kuchagua nani alie nimemsomea Modest, akatema mate.

Lakini hiyo habari ya kundi la damu, niseme tu, nilisimama uani nikacheka peke yangu. Mwambie mashine ya chama ya kumenya kahawa imekufa tena na mafundi wote wameshindwa, wanamngoja yeye. Akiruhusiwa aje huku kwanza, Liuli baadaye. Hilo si ombi.

Zamani nilikuwa nakuchukia bila taabu. Siku hizi nikianza nakumbuka ile mikono yako kwenye korido, imepasuka kama ya mtu anayepiga lipu. Inaniudhi sana.

Dada yake Stephano,
Gertruda


Dar es Salaam,
23 Julai 2024

Shikamoo wifi Gertruda,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na Modest na baba mdogo Ignatio.

Stephano amefariki jana alfajiri. Ilianza homa ndogo, tukadhani ni ya kawaida. Baadaye akawa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika, tukarudi wodini, wakamwekea mashine ya kupumulia. Dokta anasema ni fangasi ya mapafu, ilijificha tangu ile miezi ambayo hakuwa na kinga. Damu yako haina kosa. Mbegu zako zilikuwa na nguvu hadi mwisho. Nilimshika mkono, ulikuwa wa moto, kisha ukawa mkono tu.

Najua nilichoandika mwezi wa tatu. Najua maneno haya ni yaleyale, lakini sina mengine. Nimempigia Modest, amesikia nalia akakata. Nimempigia katekista wa kigango, akasema atakuuliza wewe kwanza. Nimeambatanisha nakala ya kibali cha kuchukulia mwili. Sijui kama kitakusaidia kuniamini.

Simpeleki Liuli. Kaka zangu nimeshawaambia na wamekubali. Atalala kwenye ntambo wa baba yake, yeye mwenyewe alitaka hivyo, na hata asingetaka ningemleta kwenu. Lakini siwezi kumleta kwenye kaburi ambalo halijachimbwa, watu wakaanza kuulizana kama ni kweli huku yeye yuko garini. Kwa hiyo sitoki hapa mpaka nimwone mmoja wenu. Niko nje ya chumba cha maiti, kuna benchi.

Uliniambia siku kifo kikija nisikutafute. Nakutafuta, wifi. Sina mwingine anayemjua kama ninavyomjua. Njoo umchukue mdogo wako.

Wifi yako,
Domitila


Namswea,
26 Julai 2024

Marahaba wifi yangu,

Safari hii hunipati!

Nimeisoma barua yako nimekaa kizingitini, nikataka kujifunga kanga kiunoni kama ile siku ya Machi, nikafika kwenye lile benchi la chumba cha maiti nikacheka mpaka kuku wakatawanyika. Benchi! Na kibali umekitengeneza, muhuri juu, sahihi chini. Wewe ungeajiriwa serikalini. Na shikamoo umeiweka. Miaka yote tangu uolewe hujawahi kuniamkia kwenye barua, leo umeniamkia, nikajua hapa kuna kitu anakitaka na anaona haya kukisema.

Kwa nini hukuandika tu kwamba damu imeshuka, njoo? Ningekuja. Siku hizi ningekuja, Domitila. Huna haja ya kumuua mtu kila unaponihitaji.

Katekista nimemwambia asiguse kengele. Modest alishaanza kumwaga mahindi atoe jeneza, nimemgombeza, nikamwambia huyu shemeji yako ndivyo anavyoita watu, hujamzoea tu. Baba mdogo hana raha, anataka vijana waende kuchimba. Nimewakatalia. Kumwandalia maziko mtu aliye hai nishafanya mara moja, hiyo inanitosha.

Tangu jana nakula maini na mchicha ili damu iwe nzito. Ile sindano ya mifupa siiogopi tena, nimeshaijua inavyouma na inavyoacha. Hii nampa Wendelin leo, na mimi mwenyewe napanda gari la Jumatatu, nikifika nakuja moja kwa moja. Asali siji nayo, nilisikia. Nakuja na maharage mapya ya kwako wewe, uyachemshe ule, uso wako uliniogopesha mwezi wa tatu ingawa sikukuambia. Yeye kama bado amekatazwa, aangalie tu.

Nitakugombeza kidogo nikifika, usikasirike, halafu nitakukumbatia.

Mwambie Stephano avumilie. Mwambie dada yake yuko njiani.

Wifi yako,
Gertruda